James Augustus Grant

James Augustus Grant (Nairn, Uskoti, 11 Aprili 1827 – Nairn, 11 Februari 1892) alikuwa mwanajeshi, mpelelezi na mkusanyaji wa mimea kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kama mwenzake John Hanning Speke katika safari ya miaka 1860–1863 iliyotafuta chanzo cha mto Naili. Katika safari hiyo aliishi miezi mingi katika ufalme wa Karagwe, ambao eneo lake leo limo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, Tanzania.

Katika vitabu vingi vya historia anatajwa kwa mstari mmoja tu, kama mtu aliyebaki nyuma mgonjwa wakati Speke akienda kuliona ziwa na mto. Hata hivyo mimea aliyoikausha njiani ni kati ya makusanyo ya kwanza makubwa kutoka nchi za ndani za Afrika Mashariki, na wataalamu wanaitumia mpaka leo.

Maisha ya awali

Grant alizaliwa katika mji mdogo wa Nairn, kaskazini mwa Uskoti, akiwa mtoto wa mchungaji wa parokia ya mahali hapo. Alisoma katika shule ya sarufi na halafu Marischal College mjini Aberdeen. Hapo alijifunza hisabati, kemia na elimu ya viumbe, pamoja na botania. Mafunzo hayo hayakumfanya mtaalamu, lakini yalimpa mambo mawili yaliyomfaa baadaye: alijua kuchora mmea kwa uangalifu, na alijua ni sehemu zipi za mmea zinazohitajika ili mtu mwingine aweze kuutambua.

Mwaka 1846 alijiunga na jeshi la Waingereza huko Bengal, Uhindi. Alishiriki katika vita ya pili dhidi ya Masingasinga, yakiwemo mazingiwa ya Multan na mapigano ya Gujrat mwaka 1849. Wakati wa maasi ya mwaka 1857 alipigana katika jitihada za kuukomboa mji wa Lucknow, akajeruhiwa mkono. Uhindi ndipo alipofahamiana na Speke, ofisa mwenzake aliyependa uwindaji kama yeye. Mwaka 1858 Grant alirudi Uingereza.

Safari na Speke

Mwaka 1858 Speke alikuwa amefika kusini mwa Ziwa Nyanza (Viktoria) na kuamini kwamba hapo ndipo Naili inapoanzia. Richard Burton, aliyekuwa kiongozi wake katika safari ile, hakukubali. Shirika la Kifalme la Jiografia mjini London likampa Speke nafasi ya kurudi kuthibitisha maneno yake. Grant alijitolea kwenda naye, akikubali kuwa msaidizi chini ya rafiki yake.

Waliondoka Portsmouth tarehe 27 Aprili 1860, wakapitia Rio de Janeiro na Rasi ya Tumaini Jema, wakafika Zanzibar tarehe 17 Agosti. Huko Grant alipiga picha kwa kamera. Hizo ni kati ya picha za kwanza kabisa za Zanzibar zinazojulikana. Barani kazi ya kamera ilikuwa nzito mno kwa sababu ya joto na vifaa vingi, hivyo akaiacha na kutumia penseli na rangi za maji.

Kazi zao ziligawanywa. Speke alishika ramani na vipimo vya mahali. Grant alishika kumbukumbu za hali ya hewa, michoro, na ukusanyaji wa mimea. Msafara ulikuwa na watu wapatao 200, wengi wao wapagazi na askari walioajiriwa Zanzibar. Mkuu wao aliyejulikana zaidi alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kuishi Uhindi kabla ya kurudi Afrika. Kwa hiyo kila mmea uliofika Uingereza kutoka safari hii ulisafiri mamia ya kilomita kichwani au begani mwa mpagazi ambaye jina lake halimo katika lebo.

Walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mnamo Januari 1861. Kutoka hapo mambo yalikwenda polepole. Kulikuwa na njaa na vita katika Unyamwezi, wapagazi walikimbia, na kila mtemi alidai hongo. Mara nyingi Speke na Grant walilazimika kutembea mbalimbali, kila mmoja na sehemu ya mizigo. Septemba 1861 watu wa mtemi Myonga waliuvamia msafara wa Grant na kupora sehemu kubwa ya mali. Sehemu tu ilirudishwa. Baada ya kuchelewa tena Usui kwa mtemi Suwarora, waliingia Karagwe mnamo Novemba 1861.

Karagwe chini ya Rumanyika

Karagwe ilikuwa mojawapo ya falme za nchi za maziwa makuu, ikitawaliwa na ukoo wa Wahinda juu ya wakulima na wafugaji wanaojulikana leo kama Wanyambo. Omukama wa wakati ule alikuwa Rumanyika I Orugundu, mwana wa Ndagara. Alikuwa ameshika kiti baada ya ugomvi wa urithi na ndugu yake Rogero, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamemsaidia. Kituo chao cha biashara kilikuwa Kafuro, si mbali na makao ya mfalme huko Bweranyange.

Waingereza hao wawili walipokelewa vizuri kuliko mahali popote walipopita tangu pwani. Rumanyika hakudai hongo kwa ukali, aliuliza maswali mengi juu ya nchi za mbali, na wanawe walikuwa wakija kambini kuzungumza. Nchi yenyewe iliwafurahisha: vilima vyenye majani mafupi kwa urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa baridi, na mabonde yenye maziwa madogo na mafunjo. Ziwa moja chini ya makao ya mfalme lilimkumbusha Grant ziwa Windermere la Uingereza, nalo likaingia katika ramani kwa jina hilo. Jina halikudumu kwa wenyeji, ambao bila shaka walikuwa na la kwao. Kutoka ziwa hilohilo waliletewa mnyama wa majini aitwaye nzohe, ambaye kwa Kilatini amepewa jina la Speke: Tragelaphus spekii.

Ugonjwa wa mguu

Desemba 1861 Grant, ambaye tayari alikuwa akisumbuliwa na homa mara kwa mara, alipatwa na uvimbe katika mguu wa kulia, juu ya goti. Mguu ulivimba na kuuma sana. Ulipopasuliwa ulitoa maji mengi, akapata nafuu kidogo, halafu majipu mengine yakatokea. Kwa muda wa miezi mitatu ilibidi upasuliwe tena na tena. Goti lilikakamaa likiwa limepinda, na hakuweza kutembea.

Wakati huo Kabaka Mutesa wa Buganda alituma watu kuwaita wageni. Waganda hawakutaka kumchukua mgonjwa. Speke, aliyeogopa kupoteza nafasi, aliondoka tarehe 10 Januari 1862 na kumwacha Grant chini ya ulinzi wa Rumanyika, pamoja na Baraka na baadhi ya watu wa msafara.

Wenyeji na wenzake walijaribu kumtibu kila mmoja kwa elimu yake. Kwanza alikandwa kwa mchanganyiko wa moto wa samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, uliokauka na kubana mguu kama bendeji. Baraka aliamini kwamba nyoka alikuwa ametemea mguu ule. Nnanaji, ndugu wa mfalme, alisema anaujua ugonjwa, akamtuma mganga Mnyambo aliyekuja na mke wake. Mganga aliupapasa mguu kwa upole, akachanja ngozi kwa kisu kidogo, akawaamuru watazamaji watoke nje. Mke wake akafungua jani la mgomba lililokuwa na dawa nyeusi kama ugoro uliolowa. Iliyeyushwa kwa mate na kupakwa katika chanjo. Mwisho Grant alifungiwa hirizi ya kijiwe cha volkeno kwenye kifundo cha mguu. Hayo yote aliyaandika bila dhihaka, na alimsifu yule mganga kwa mkono wake mwepesi. Kwa msafiri wa Kizungu wa karne ya 19 hilo si jambo dogo.

Mnamo mwezi wa tano ugonjwa ulipungua wenyewe. Waandishi wa tiba waliosoma maelezo yake wanayahesabu kuwa huenda ndiyo maandishi ya kwanza kuhusu ugonjwa unaoitwa leo kidonda cha Buruli, unaosababishwa na bakteria Mycobacterium ulcerans. Bakteria hiyo ilielezwa kisayansi nchini Australia mwaka 1948, na ugonjwa ukapata jina la eneo la Buruli nchini Uganda, ambako wagonjwa wengi walichunguzwa katika miaka ya 1960. Hupatikana hasa kando ya mabwawa na maji yaendayo polepole. Mazingira ya Bweranyange yanalingana na maelezo hayo, ingawa hakuna awezaye kumpima Grant leo.

Kukusanya mimea

Mtu aliyelala chini kwa miezi hawezi kupanda vilima kutafuta maua. Hata hivyo lebo za mimea ya Grant zinaonyesha jina Karague, kama walivyoliandika wakati ule, na mkusanyiko wote unafuata njia ya msafara kutoka pwani hadi Misri. Namna yake ya kazi ilikuwa ile ya kawaida: tawi lenye majani, maua na ikiwezekana matunda hulazwa kati ya karatasi, hugandamizwa kati ya mbao, na karatasi hubadilishwa kila siku mpaka mmea ukauke. Wakati wa masika kazi hiyo ni ya taabu, kwani karatasi hazikauki na kuvu huingia usiku mmoja.

Thamani ya kazi yake imo zaidi katika maelezo kuliko katika uzuri wa vielelezo. Aliandika mahali, tarehe, kimo cha mmea na rangi ya ua, ambayo hupotea mara mmea ukikauka. Mara nyingi aliongeza jina lililotumiwa na wenyeji na matumizi yao: mti huu ni wa kujengea, majani haya ni mboga, mzizi huu ni dawa. Bila maelezo ya namna hiyo kielelezo ni nyasi kavu tu.

Mfano mzuri wa ugumu wa kazi hii ni familia ya Polygonaceae. Mmea wake maarufu duniani ni Fagopyrum, nafaka ya Asia yenye mbegu za pembe tatu zinazosagwa kuwa unga. Katika nchi za maziwa makuu familia hii huonekana zaidi kama magugu na majani ya kando ya maji, ambayo mpita njia hayatazami mara mbili. Alama kuu ya kuitambua ni ala nyembamba kama karatasi inayolizunguka shina kama soksi juu ya kila fundo, pale jani linapoanzia. Mimea michache sana ya familia nyingine ina kitu kinachofanana nayo. Maua ni madogo, hayana tofauti kati ya vikonyo vya nje na petali, na tunda ni kokwa moja dogo gumu, mara nyingi la pembe tatu au bapa kama dengu.

Ndani ya familia tofauti ni ndogo zaidi. Kando ya maziwa na mito ya Afrika Mashariki huota Persicaria senegalensis, mmea mnene unaoweza kumfikia mtu kimo, wenye majani marefu mapana na mashuke ya maua ya waridi au meupe. Ukingo wa ala yake hauna nywele ndefu. Jirani yake majini, Persicaria decipiens, ana majani membamba kama ya mkarafuu mchanga uliokonda, na ala yake ina nywele ngumu zilizosimama ukingoni kama kope za jicho. Mtu akikata tawi na kuziacha ala zichanike, au akichukua ncha yenye maua tu, tofauti hiyo imepotea na mtaalamu wa mbali hawezi kusema kitu kwa hakika.

Juu ya vilima na katika mashamba yaliyolala huota Rumex usambarensis, kichaka kinachoegemea mimea mingine, chenye majani ya umbo la kichwa cha mkuki na mafungu makubwa ya matunda mekundu. Hapa cha kutazama ni tunda: vikonyo vitatu vya ndani hukua baada ya ua kuchanua na kulifunika kokwa kama mabawa. Majani yake ni machachu, na watoto wanaochunga huyatafuna. Ndugu yake Rumex abyssinicus husimama wima na huweza kumpita mtu kimo. Shambani hupatikana Oxygonum sinuatum, gugu dogo lenye majani yaliyokatwakatwa ukingoni na tunda lenye miiba mitatu katikati, linalojulikana sana na kila aliyepita pekupeku. Watu wengi huliita mbigili pamoja na magugu mengine yenye miiba, ingawa mbigili nyingi nyingine ni za familia tofauti kabisa. Ala kwenye fundo huondoa shaka.

Msomaji anayetafuta mimea hii katika orodha za karne ya 19 akumbuke mambo mawili. Spishi nyingi zinazoitwa leo Persicaria ziliwekwa zamani katika jenasi pana ya Polygonum. Na majina ya mahali yameandikwa kwa masikio ya Waingereza wa wakati ule, kwa hiyo Karagwe ni Karague, na mto Kagera mara nyingi ni Kitangule.

Kutoka Karagwe hadi Misri

Grant aliondoka Karagwe tarehe 14 Aprili 1862, siku tatu baada ya kutimiza miaka 35, akibebwa kwenye machela na watu waliotumwa na Mutesa. Alitumaini kusafiri kwa mtumbwi juu ya ziwa, lakini alipelekwa kwa njia ya nchi kavu, akavuka Kagera na kupita Buddu. Tarehe 27 Mei alikutana tena na Speke katika makao ya Kabaka.

Mwezi Julai waliondoka Buganda pamoja. Njiani Speke aliamua kwenda mashariki haraka kuufikia mto unapotoka ziwani, na Grant alipelekwa na mizigo na ng'ombe upande wa Bunyoro kwa mfalme Kamurasi. Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliona maporomoko aliyoyaita Ripon, mahali ambapo leo uko mji wa Jinja. Grant hakuwapo. Baadaye watu walisema kwamba Speke alimwondoa makusudi ili asigawane sifa. Grant mwenyewe alilikana jambo hilo maisha yake yote. Alieleza kuwa mguu wake haukuweza mwendo wa kasi uliohitajika. Maelezo hayo yanaaminika, kwa maana hata miezi miwili kabla alikuwa akibebwa. Lakini ni kweli pia kwamba msafara ungeweza kungoja, na ushahidi wa macho ya watu wawili ungekuwa na nguvu kuliko wa mmoja wakati Burton alipoanza kuushambulia.

Walifika Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, tarehe 15 Februari 1863, wakamkuta Samuel Baker na mwenzake Florence waliokuwa wakipanda mto. Kutoka hapo waliteremka Naili hadi Kairo. Watu wa msafara waliobaki mpaka mwisho, Bombay miongoni mwao, walirudishwa Zanzibar kwa meli. Speke na Grant waliingia Uingereza mwezi Juni 1863.

Baada ya safari

Septemba 1864 Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake akiwa windoni, siku moja kabla ya kujadiliana hadharani na Burton. Grant alihuzunika sana. Mwaka huohuo alichapisha kitabu chake juu ya safari, A Walk across Africa. Jina lake lilitokana na mzaha wa waziri mkuu Palmerston, aliyemwambia kwamba alikuwa ametembea mbali. Kitabu hakibishani na mtu. Kinaeleza vyakula, kilimo, muziki, nyumba na mavazi, na sura za Karagwe ni kati ya maelezo marefu ya maisha ya kila siku ya ufalme ule yaliyoandikwa na mgeni kabla ya ukoloni. Ni lazima yasomwe kwa tahadhari: Grant alikuwa mtu wa wakati wake, na yapo ndani maneno juu ya Waafrika ambayo msomaji wa leo hawezi kuyakubali. Alitegemea pia wakalimani, na mengi aliyoyaona aliyaona kutoka mlango wa kibanda cha mgonjwa.

Mwaka 1864 alipewa nishani ya dhahabu ya Shirika la Kifalme la Jiografia, na mwaka 1866 nishani ya serikali. Mwaka 1865 alimwoa Margaret Laurie. Mwaka 1868 alitumika katika idara ya upelelezi ya jeshi la jenerali Napier lililokwenda Ethiopia dhidi ya mfalme Tewodros II. Halafu alistaafu akiwa na cheo cha luteni kanali. Mwaka 1876 alihudhuria mkutano wa jiografia ulioitishwa mjini Brussels na Leopold II wa Ubelgiji, mkutano uliosemwa kuwa wa sayansi na ubinadamu lakini ukafungua njia ya kuitwaa Kongo.

Kazi ya mimea

Vielelezo vya Grant vilipelekwa katika bustani ya Kew, karibu na London. Orodha ya kwanza ilitoka haraka, ikiwa nyongeza katika kitabu cha safari cha Speke cha mwaka 1863. Kazi kamili ilichukua muda mrefu zaidi. Ilichapishwa kati ya miaka 1872 na 1875 katika juzuu ya 29 ya jarida la Linnean Society, kwa sehemu tatu zenye michoro zaidi ya 100. Daniel Oliver, mtunzaji wa mkusanyiko wa mimea mikavu huko Kew, ndiye aliyeongoza utambuzi wa spishi pamoja na wataalamu wengine. Grant aliandika utangulizi na maelezo yake ya njiani chini ya kila mmea.

Wakati huohuo Oliver alikuwa akihariri Flora of Tropical Africa, iliyoanza kutoka mwaka 1868, na vielelezo vya Grant viliingia humo. Kwa sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya Tabora na Gondokoro, hakukuwa na mtu mwingine wa kutegemea. Karne moja baadaye kazi nyingine kubwa, Flora of Tropical East Africa, ilianza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Sehemu yake ya Polygonaceae iliandikwa na R. A. Graham mwaka 1958. Mwanafunzi wa Kagera anayetaka kutambua Persicaria au Rumex kwa uhakika anaanzia hapo, akitafuta herufi T1, alama ya kanda ya ziwa.

Spishi kadhaa ziliitwa kwa jina la Grant. Mojawapo ni Bidens grantii, mmea wa maua ya njano unaofanana na alizeti ndogo. Oliver aliueleza kwanza katika jenasi Coreopsis. Katika wanyama, swala granti (Nanger granti) aliitwa kwa heshima yake na Victor Brooke mwaka 1872. Huyu ndiye anayelifanya jina la Grant litajwe kila siku katika mbuga za Tanzania na Kenya, na watalii wengi hudhani Grant alikuwa mwindaji tu.

Kifo na kumbukumbu

Grant alifariki mjini Nairn tarehe 11 Februari 1892, akiwa na umri wa miaka 64. Amewekewa bamba la kumbukumbu katika kanisa kuu la Mt. Paulo mjini London. Michoro yake ya safari, ikiwemo ya watu na mandhari ya Karagwe, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh, na mimea yake bado iko Kew.

Huko Karagwe ufalme wa Rumanyika ulidhoofika baada ya kifo chake kwa sababu ya magomvi ya urithi na maradhi ya mifugo, halafu ukaingia chini ya utawala wa Wajerumani. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya eneo hilo yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Mabonde, maziwa na vilima vya nchi ile Grant aliyoichora sasa vimo kwa sehemu ndani ya mipaka ya hifadhi hizo, na sehemu nyingine ni mashamba ya migomba, maharage na kahawa, ambamo Oxygonum bado huchoma miguu ya wapalizi.